Darasa si Gunia la Mwani

Wenzangu wa kalamu, tusidanganyane. Tangu tarehe 23 Septemba 1964 elimu Zanzibar ni bila malipo, na kila mwaka twajisifu. Haya, na pa kukaa je? Nilipotoka Chwaka kusoma mjini tulikuwa 73 darasa moja, mkondo wa mchana, tumeshindiliwa kama mwani guniani. Wengi wasichana, wavulana niliotoka nao kijijini walishakimbilia ngalawa. Insha zangu mwalimu alizitia vema bila kuzisoma. Simlaumu, angezisoma saa ngapi, masikini? Leo watu wanashangilia skuli za ghorofa. Nzuri, wallahi. Lakini humo ndani mwalimu mmoja ana madaftari mangapi? Riwaya yangu naisahihisha mwenyewe, na makosa bado yamo.