Nani ameshika mizani ya msitu wetu?

Hapa Murara kuko nyumba nyingi ambazo baba ao kijana yuko Rubaya. Kila familia ya mchimbaji inajua sheria moja bila kuisoma popote: mwenye kushika mizani ndiye anakata bei. Unatoa koltani shimoni, unaiosha, unaifunga ndani ya mfuko, kisha mnunuzi anakuambia madini ya kweli ndani yake ni kiasi fulani. Kama huna mashini ya kupima, utabisha na nini?

Msitu wetu nao umeingia sokoni. Mwezi wa 11 mwaka 2021, kule Glasgow, nchi yetu ilipatana na CAFI, mfuko wa kulinda misitu ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500 kwa miaka 5. Wakubwa wetu wanapenda kusema Kongo ni nchi yenye suluhisho kwa dunia. Sawa. Lakini kitu kinacholipiwa lazima kipimwe: miti inakamata kaboni kiasi gani, udongo unatoa gesi gani. Njo maana leo tunazungumza juu ya udongo.

Kwa miaka mingi, hesabu mingi za msitu wa Kongo zilitoka ndani ya kompyuta za mbali. Halafu watafiti wa vyuo vikuu vya Ghent (Ubelgiji) na ETH Zürich (Uswisi), pamoja na wenzao Wakongomani, waliingia msituni na kupima mvua yenyewe. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kila mwaka hektari moja inapokea kilo 18.2 za nitrojeni, ile tuliyofundishwa shuleni kwa jina la azoti. Kwa mkulima, hiyo ni karibu kilo 40 za mbolea ya urea, bila mtu kumwaga hata kiganja kimoja. Kompyuta zilikuwa zinasema kidogo kuliko hiyo.

Inatoka wapi? Si viwanda. Ni moshi. Nyasi za savana zinachomwa, mashamba yanachomwa, moshi unapanda, upepo unaubeba mbali, na mvua inaushusha. Hatusemi kwamba makala ya jikoni ya Goma njo imefanya yote. Moshi mwingi unatoka mbali sana. Lakini wale wanaochoma ili kulima kando ya machimbo, na wanaokata Virunga na Masisi ili tupike, nao wako ndani ya hesabu.

Mtu atauliza: mbolea ya bure ina ubaya gani? Mchimbaji anaweza kuelewa haraka, sababu anaona vile mayi ya kuoshea yanachukua chepesi na kuacha kizito. Msitu wa bonde mara nyingi uko tayari na azoti ya kutosha. Inayozidi inageuka kuwa nitrati, na mayi yanaishusha chini. Haiondoki peke yake: inavuta kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, vyakula ambavyo muhindi na maharagi vinahitaji. Udongo unabaki mchachu na maskini. Sisi wa Goma tunalima juu ya majivu ya volkeno, udongo wenye nguvu, na ni rahisi kusahau kwamba udongo mzee mwekundu wa bonde, upande wa Walikale kwa mfano, hauna akiba kama hiyo.

Kuko pia gesi. Azoti ikizidi, vijidudu vya udongo vinaweza kutoa protoksidi ya azoti, gesi ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo moja ya gesi ya kaboni. Katika msitu wa Budongo, Uganda, Joseph Tamale na wenzake waliweka azoti kwa makusudi kwenye vipande vya msitu. Gesi hiyo ilipanda kwa majuma machache, kisha ikashuka. Huku kwetu, vipimo vilivyofanywa Kahuzi-Biega na Yoko, karibu na Kisangani, vilitangazwa mwaka 2022: udongo wa misitu ile unatoa protoksidi kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Angalieni vizuri. Azoti inayoanguka ni mingi kuliko ilivyohesabiwa; gesi inayotoka ni kidogo kuliko ilivyohesabiwa. Mara mbili makadirio yalikosea juu ya msitu wetu, na mara mbili ni chombo kilichowekwa chini ya miti kilichosahihisha. Ni kama mfuko wa koltani: mwenye kupima mwenyewe anapata neno la kusema.

Basi tunaomba mambo mawili. Pesa za msitu zikija, sehemu ilipe vijana wetu wa Goma, Bukavu na Kisangani wafanye udaktari juu ya udongo huu, na vyombo vibaki hapa, si kurudi Ulaya na mizigo ya wageni. Na matokeo yasomwe kwa Kiswahili, mpaka kwenye machimbo. Mama anayelima kando ya shimo la mume wake ana haki ya kujua kama shamba lake limechacha, na ajue mapema, mbele ya kuchoma kipande kingine cha msitu akitafuta udongo mpya.