Mapenzi ya Mungu na Ghala la Mbagala

Wako watu ambao kila msiba utokeapo huwa na jibu moja tu mkononi, nalo ni kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Jibu hilo ni fupi, lina heshima, wala halimgharimu msemaji kitu. Likitoka kinywani mwa mama aliyezika mwanawe halina ubaya wowote. Mfiwa hatoi hoja, anatafuta pa kujishikiza asianguke, na mtu mwenye utu hasimami matangani kumsahihisha. Lakini neno lile lile likitoka kwa mwenye dhamana, au likifanywa hitimisho la hotuba, au likiandikwa na msomi kana kwamba ni maelezo, huacha kuwa faraja likawa shutuma. Na anayeshutumiwa ni Mungu mwenyewe.

Chukua Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009, mchana kweupe, mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la Jeshi la Wananchi lililokuwa katika kitongoji hicho cha Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka au kupasuka kuta. Miongoni mwa waliokufa wamo watoto ambao hawakuguswa na bomu lolote: walikimbia kwa hofu, wakafika Mto Kizinga, wakazama. Haikutimia miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mambo yale yale yakatokea Gongo la Mboto, upande wa Ilala, na huko nako waliopoteza maisha walizidi 20.

Kazi ya Mungu haina makosa, husema watu penye misiba kama hiyo. Na iwe hivyo. Je, kuweka mabomu mahali ambapo watu wanalala na kupika ni kazi ya Mungu? Nani aliyepima umbali uliokuwapo baina ya ghala na vitanda vya watoto? Nani aliyeziacha nyumba ziusogelee uzio, mwaka hata mwaka, akatazama asiseme kitu? Hakuna kitabu cha dini, si Korani wala Biblia, kinachosema kwamba malaika ndio watunzao ghala za jeshi. Ikiwa kazi hiyo ilikuwa na makosa, na bila shaka ilikuwa nayo, basi haikuwa ya Mungu. Na anayempa Mungu kazi ya wanadamu pamoja na makosa yake hamtukuzi hata kidogo.

Mtetezi wa neno hilo atajibu kwamba mabomu ni ya watu, lakini mvua ni ya Mungu. Basi na ije mvua. Desemba 2011 ilinyesha Dar es Salaam mvua ambayo mfano wake ulikuwa haujaonekana tangu 1954. Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu, ulifurika, na zaidi ya watu 40 wakafa jijini. Maji yalijaa Jangwani, na upande wa Kinondoni yakaingia katika nyumba za bondeni, Mkwajuni na Hananasif. Wingu hilo hilo liliinyeshea Masaki, iliyo katika Kinondoni hiyo hiyo, na huko watu walifunga madirisha. Kama gharika ile ilikuwa hukumu, basi ni hukumu ya ajabu sana, kwa maana inafuata bei za viwanja. Maji yalipopungua, serikali iliwagawia waliofikwa na balaa viwanja huko Mabwepande. Ardhi ya Mabwepande haikuumbwa baada ya mafuriko. Ilikuwapo kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Hata hivyo si haki kudhani kwamba jambo limekwisha pale wanadamu walipobebeshwa sehemu yao. Wamo wanaokomea hapo, wakasema kuwa Mungu alimpa mwanadamu hiari, na uovu wote umetokana nayo. Hoja hiyo inaeleza uzembe wa mlinzi wa ghala, lakini haimwelezi mtoto wa Kizinga. Yeye hakuchagua ghala wala mto. Hiari ya nani ililindwa pale majini? Wengine husema ni mtihani, nao wanasahau kutaja mtahiniwa. Ikiwa ni mtoto, mtihani wake ulikwisha kabla hajajua kusoma swali. Ikiwa ni mama yake, ni mwalimu gani amwuaye mwanafunzi mmoja ili ampime mwingine subira?

Swali hili ni kongwe kuliko misikiti na makanisa ya pwani hii. Plato alimfanya Sokrate aulize kama jambo jema ni jema kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni jema. Huko Basra, wanazuoni wa Muutazila walishika kwamba Mungu hutenda haki, na kwamba akili ya mwanadamu yaweza kuitambua haki hiyo. Inasimuliwa kuwa Abul Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wao, alimwuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima akiwa mwema, wa pili akiwa mwovu, wa tatu alikufa mtoto. Mtoto akiuliza kwa nini hakupewa umri apate daraja ya nduguye mwema, ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua akapotea. Hapo yule mwovu atapiga kelele kutoka motoni: mbona mimi sikuuawa mdogo? Mwalimu akanyamaza, na al-Ash'ari akaiacha madhehebu hiyo. Akashika kwamba Mungu hapimwi kwa mizani ya viumbe, na njia yake ndiyo ambayo wanazuoni wa pwani yetu wameifuata kwa wingi.

Njia hiyo ina uzito wake, lakini ina sharti ambalo wafuasi wengi hawalitimizi. Anayesema kwamba haki ya Mungu haipimiki amejinyima ruhusa ya kusema kwamba Mbagala ilikuwa heri iliyofichika. Haiwezekani mtu avunje mizani asubuhi, kisha jioni aonekane anapimia nayo. Kinachomstahili ni kimya, na kimya ndicho wahubiri wasichokiweza.

Kuna Ayubu pia. Waswahili wanamjua kwa subira yake. Uko na utenzi wa zamani juu yake, ambao Alice Werner aliuchapisha katika miaka ya 1920. Lakini Ayubu wa Biblia hasubiri kimya kimya. Katika sehemu kubwa ya kitabu chake anamlalamikia Mungu, anailaani siku ya kuzaliwa kwake, anadai kesi yake isikilizwe. Wanaomtetea Mungu ni wale rafiki zake watatu, waliokuja kumfariji wakaishia kumweleza kwamba yaliyompata ni haki. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia watetezi wake, anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa, na anawaamuru watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, kisha mlalamikaji awaombee. Waliosema kuwa Mbagala ni kazi ya Mungu hawajatozwa hata mbuzi mmoja.