Tusikariri DNS, tuielewe

Vijana wenzetu, na nyie wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee intavyuu za kazi ya kusimamia mitambo ya kompyuta. Hapa Nakivale tunaona wenzetu wanamaliza kozi, wanapata cheti, wanaitwa, halafu wanakwama kwenye maswali ya mwanzo kabisa ya netiweki. Si kwamba hawana akili. Walikariri tu.

Muulize mtu DNS ni nini, anajibu haraka: inatafuta namba ya IP ya jina la tovuti. Sawa. Lakini mwajiri haishii hapo. Anauliza: "Mfanyakazi anasema intaneti haifanyi kazi. Utaanza wapi?" Hapo kukariri kunaisha.

Sisi tunasema, jibu kwa hatua. Kwanza, waya au Wi-Fi imeunganishwa? Pili, kompyuta ina IP gani? Ikianza na 169.254, mara nyingi DHCP haikuipa namba, ikajipa yenyewe. Tatu, piga ping kwenye ruta. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu lakini jina la tovuti halifunguki, shaka ya kwanza ni DNS. Ukieleza hivyo, anayekuuliza anaona fundi, si kasuku.

Namba chache lazima ziwe kichwani: poti 22 ni SSH, 53 ni DNS, 80 ni HTTP, 443 ni HTTPS. Netiweki ya /24 ina anwani 256, ila vifaa vinapata 254, kwa sababu moja ni ya netiweki yenyewe na nyingine ni ya kutangazia wote. Usitaje 254 ukanyamaza. Sema kwa nini.

Wengine watasema, hatuna maabara. Simu mbili zipo? Moja ikiwasha hotspoti, inagawa IP kama ruta ya ofisini. Unganisha ya pili, angalia imepewa IP gani na inapitia wapi kutoka nje. Mweleze mwenzako kwa sauti, yeye awe mwajiri. Kesho mbadilishane.

Kwa nyie wa mashirika: kozi zetu zinaisha na slaidi na picha ya vyeti, huku ruta imefungiwa kabatini. Tupeni ruta moja ya zamani tuiharibu na kuitengeneza. Na siku ya mwisho, badala ya hotuba, tufanyieni intavyuu ya majaribio.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini tunajua kuna mwajiri anayeogopa karatasi zetu kabla hajauliza swali lolote. Ndiyo maana yule anayekubali kutuuliza, tusimpoteze kwa swali la ping. Nafasi zenyewe ni chache mno.