Klabu zihesabu watu wake, lakini fomu isipite kwa katibu

KIPALAPALA, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna vitu viwili ambavyo klabu zetu za soka zinavihitaji kuliko straika mpya kutoka Afrika Magharibi. Kuna uchapaji wa TMP, ambao jina lake limo kwenye vitabu vingi walivyosoma wazazi wa mashabiki wa leo. Na kuna Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ambako vijana kutoka majimbo mbalimbali ya nchi wanafundishwa, pamoja na mengine, kwamba alichoambiwa padri kwenye kitubio hakitoki nje hata abanwe vipi.

Karatasi na siri. Klabu ikiwa na hivyo viwili inaweza kujua imewaajiri kina nani.

Shabiki wa Nyuki wa Tabora atakutajia kikosi cha kwanza usingizini. Atakwambia kipa yupi ana presha na beki yupi anapenda kadi. Muulize nani anafua jezi, nani anaendesha basi la timu, nani anamchua misuli winga kabla ya mechi, kama mpishi ana mkataba au anaitwa tu timu ikiwa kambini. Hapo atanyamaza. Tatizo ni kwamba hata viongozi wa klabu nyingi nchini ukiwauliza swali hilo utapata jibu moja: "Sisi hapa ni familia." Sasa familia ndiyo jibu la mtu asiye na takwimu.

Wenzetu wa Uingereza walikuwa wanajibu hivyohivyo. Uwanjani wachezaji weusi wamejaa, lakini ukipanda ghorofani ziliko ofisi, sura zinabadilika. Oktoba 2020 chama cha soka cha huko, FA, kikazindua kanuni ya uwiano katika uongozi wa soka. Klabu zilizokubali ziliahidi kwamba katika nafasi mpya za juu, asilimia 15 ziende kwa watu weusi, Waasia au machotara, na asilimia 30 kwa wanawake. Ilikuwa hiari. Hiari ya klabu za soka tunaijua. Baadaye FA ikakaza kamba: kuanzia msimu wa 2024/25, klabu za Ligi Kuu, za madaraja ya chini yake na za ligi za juu za wanawake zikatakiwa kukusanya na kutoa takwimu za wafanyakazi wao, yaani umri, jinsia, asili, ulemavu na mwelekeo wa kimapenzi.

Angalia kilichobadilika hapo. Ahadi ilikuwa ya hiari, ila sasa klabu inalazimika kuonyesha hesabu. Na hesabu hiyo haitoki kwenye macho ya meneja anayepita korido akihesabu vichwa. Inatoka kwa mfanyakazi mwenyewe, anayejaza dodoso la siri na mwenye haki ya kuweka alama mahali palipoandikwa kwamba hapendi kujibu.

Hapa kwetu, sheria ipo kabla hata ya hiyo ya Waingereza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mambo mengine kadhaa, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuleta usawa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Klabu yenye watu 40 basi inatakiwa kuwa na angalau wawili. Wawili tu! Je, wapo? Huenda wapo na hakuna anayejua.

Chukua mfano wa dereva ambaye sikio lake moja halisikii vizuri. Hawezi kumwambia meneja, kwa sababu kesho yake basi atapewa mwingine. Kwa hiyo klabu inaonekana haina mlemavu hata mmoja, dereva anaishi kwa woga, na hakuna anayefikiria kumpeleka akapimwe na kupata kifaa cha kumsaidia. Ukimpa fomu yenye sehemu ya jina, ataandika yeye ni mzima kama chuma cha pua. Na takwimu yako itakuwa ya uongo, tena yenye muhuri.

Watu wa ukanda huu wana sababu ya kuogopa kuhesabiwa. Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara, na msafara ulikuwa waajiriwa wa kila aina: Wanyamwezi, Wangwana wa pwani, Wamanyema, wapagazi, wapishi, walinzi, kirangozi mbele. Mpagazi alihesabiwa ili apewe mzigo na posho. Wakaja wakoloni, watu wakahesabiwa ili walipe kodi. Kisha vijana wa Tabora wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu aliyekuwa manamba hakurudi nyumbani akisema namba ni kitu kizuri. Sasa leo anakuja ofisa na karatasi: "Jaza hapa, ni kwa faida yako." Mjukuu acheke au alie?

Ndiyo maana siri ndiyo kazi yenyewe. Siri ikivuja, hakuna utafiti.

Soka la Tabora linajua gharama ya makaratasi kuliko soka la mkoa mwingine wowote. Agosti 2023, timu ikiwa bado inaitwa Kitayosce, ilikwenda Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane kwa sababu usajili wa wengine ulikwama. Mechi ikavunjika mapema Azam wakiwa mbele 4-0, wapinzani wakiwa wamebaki pungufu ya idadi inayotakiwa. Novemba 2024 timu hiyohiyo, kwa jina la Tabora United, ikaipiga Yanga 3-1 palepale Chamazi. Sasa inaitwa TRA United. Klabu iliyotoka kwenye wachezaji wanane hadi kuitikisa Jangwani, na ambayo sasa imebeba jina la mamlaka ya mapato, watu wanaoishi kwa hesabu, ina kila sababu ya kuwa ya kwanza kufanya jambo hili vizuri.

Lakini wasichanganye mafaili. Kuomba leseni ya klabu kunahitaji majina: mtendaji mkuu, mhasibu, ofisa habari, daktari, kocha na cheti chake. Hiyo ni orodha ya majina, na ni sawa iwe hivyo. Dodoso la siri ni kitu kingine. Ukianza kutumia fomu moja kwa kazi zote mbili, umeua zote mbili.

Kuna swali la kabila, na hapa ngoma inakuwa nzito. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na hakuna aliyeulizwa yeye ni Msukuma au Mmakonde. Kenya wamechagua njia nyingine: sheria yao ya uwiano na utangamano ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na kuna tume inayokagua. Wana historia yao, wana majeraha yao, acha wafanye hivyo. Huku kwetu kabila linaulizwa kijiweni, kwenye kahawa, Mnyamwezi akimcheka Mzaramo na Mzaramo akijibu, utani ambao misafara hiyohiyo iliukuza. Swali hilo likihamia kwenye fomu ya mwajiri, utani umeisha. Klabu isiulize kabila. Dini pia iachwe.

Na maswali mengine ya Waingereza yasinakiliwe kama mtoto anayeibia mtihani. Swali ambalo jibu lake linaweza kumfikisha mtu mahakamani halina nafasi kwenye karatasi ya klabu, hata bahasha ifungwe kwa misumari.

Yanabaki maswali machache, na yanatosha. Jinsia. Kundi la umri. Ulemavu, uwe unaonekana au hauonekani. Aina ya kazi. Una mkataba ulioandikwa au unajitolea? Hili la mwisho Waingereza hawakuliweka kwenye orodha yao, lakini kwetu ndilo lenye nyama. Mwaka 2020 Simba ilimteua Barbara Gonzalez kuwa mtendaji mkuu, na kwa muda mrefu kila aliyeuliza habari za wanawake kwenye klabu zetu alijibiwa kwa jina hilo. Jonesia Rukyaa akisimama katikati na filimbi yake, jibu likawa majina mawili. Wanawake hao walistahili sifa zote, lakini wawili hawajibu swali. Swali ni hili: wanawake waliomo kwenye klabu 16 za Ligi Kuu wako ofisini wakiwa na mikataba, au wako jikoni na kwenye beseni la jezi wakisubiri "chochote kitakachopatikana" baada ya mechi? Kila shabiki ana jibu lake la haraka. Takwimu hana.

Wapo watakaosema klabu nyingine zinachelewesha mishahara, halafu mtu analeta habari za dodoso. Hoja hiyo ina uzito. Ila anayecheleweshewa mshahara ndiye hasa asiyekuwa na pa kusemea, na mara nyingi ni yule asiye na mkataba. Karatasi moja yenye maswali matano na bahasha 40 haifiki bei ya jozi ya viatu vya mchezaji.

Ugumu uko kwenye hesabu yenyewe. Klabu ni ndogo. Ukichapisha kwamba kuna mwanamke mmoja, mwenye miaka zaidi ya 45, mwenye ulemavu, kitengo cha tiba, hukuandika jina lakini Tabora nzima imeshamjua, kuanzia Ng'ambo hadi Isevya. Kwa hiyo kundi lolote lenye watu chini ya watano lisitajwe. Na majibu yasisomwe na klabu yenyewe. Bodi ya Ligi ichukue karatasi za klabu zote 16, izijumlishe, kisha itoe picha ya ligi nzima. Katika kapu la watu mamia, yule mama wa tiba anapotea salama, na tatizo lake linabaki linaonekana. Klabu ipewe tu yale makundi makubwa yanayoihusu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, tayari inaziweka taarifa za afya na asili ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuna tume ya kuisimamia. Kiongozi atakayepiga picha fomu ya mfanyakazi na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la wanachama ajue anacheza na moto. Grupu hizo tunazijua, mkataba wa mchezaji unasomwa humo kabla wino haujakauka.

Basi nani ashike sanduku? Si katibu. Si meneja wa timu. Si yule mjumbe wa kamati ambaye ni shemeji ya mhasibu. Kwa Tabora, sanduku liondoke mjini kabisa, lipelekwe Kipalapala, kwa mtu asiyeingia uwanja wa Ali Hassan Mwinyi bila kulipa kiingilio kama wengine. Mtu aliyezoea kutunza siri za wengine bila kulipwa kwa ajili hiyo. Na kama baadhi ya wafanyakazi wataona seminari inaelemea upande mmoja, ni haki yao kusema hivyo katika mji wenye misikiti mingi kama Tabora. Basi wateuliwe wawili, padri na shehe, kila mmoja na kufuli lake. Sanduku lenye kufuli mbili halifunguliwi kwa simu ya mwenyekiti.

Karatasi zichapwe zote sawa, bila namba pembeni, kwa sababu mtu akiona namba atadhani ni ya kwake, na mara nyingi huwa hajakosea. Wasiojua kusoma vizuri wasomewe na mtu wanayemchagua wenyewe. Majibu yakishajumlishwa, zichomwe mbele ya mashahidi wawili ambao wafanyakazi wamewapigia kura, na mmoja wao awe mtunza vifaa.