Mganda hauhitaji saraundi ya kubandika

Wadau, leo naomba tusidanganyane. Siku hizi kila mwenye kompyuta na sabufa anajiita fundi wa saraundi. Unampelekea mganda uliorekodiwa kwa simu kule Liuli au Mbamba Bay, anaupitisha kwenye programu, anakurudishia "5.1" na kudai chake. Eti sasa utasikia kama umesimama uwanjani. Uongo mtupu!

Hebu tuitazame hesabu yenyewe, wala si ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani David Hafler alionyesha kwamba ukichukua sauti ya kushoto ukatoa ya kulia, kinachobaki ni mwangwi na vitu vya pembeni. Hicho ndicho unachokipeleka spika za nyuma. Dolby Pro Logic II ya mwaka 2000 inafuata wazo hilo hilo, ila inapima kila mara sauti yenye nguvu iko upande gani na kuielekeza huko. Kwa stirio iliyorekodiwa vizuri, sina ugomvi. Inapendeza.

Lakini mono? Kushoto na kulia ni kitu kimoja. Toa kimoja kwenye kingine, inabaki sifuri. Sifuri hiyo ndiyo unayouziwa! Fundi akiona spika za nyuma ziko kimya, anaongeza mwangwi wa kutengeneza, na mganda uliochezwa kwenye vumbi kando ya ziwa unasikika kama umepigwa ndani ya kanisa.

Najua kuna watakaonijibu kwamba zipo programu za kutenganisha sauti. Kweli zipo. Spleeter, iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, inaweza kuugawa wimbo kuwa waimbaji, ngoma, besi, piano na mengineyo. Sasa niambieni: kibuyu cha mganda, ambacho mtu anakivumisha kwa sauti yake mwenyewe, kinaingia kapu gani? Ni mwimbaji au ni ala? Programu iliyofunzwa kwa muziki wa studio itabahatisha tu, nasi tutauita ubahatishaji huo urithi wetu.

Hapo ndipo panaponiuma. Mganda ni mtoto wa beni, ngoma ya gwaride iliyosambaa na askari baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji wamejipanga mistari, ngoma kubwa inanguruma, vibuyu vinajibu, watazamaji wamezunguka pande zote. Saraundi iko pale pale, bure! Sisi tunaibana kwenye tundu moja la simu, halafu tunalipa fedha ili ifufuliwe.

Kinasa sauti cha kushika mkononi chenye maiki za kunasa mbele na nyuma si ndoto. Zoom H2 ilikuwa sokoni tangu mwaka 2007. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, vyuo na sisi waandishi tunashindwa nini kuchangia kimoja kikazunguke Lituhi hadi Mbamba Bay?

Nyimbo za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam zilizorekodiwa mono tuzisafishe na kuzihifadhi zilivyo. Mono ni historia yake. Ila mganda bado unachezwa, na wazee wanaoujua hawatatungoja. Tukiwarekodi ovyo leo, hakuna fundi atakayeturudishia kesho.

Nawakilisha.