Mikono Inayotibu Mgongo: Ni Nini Humvuta Mtu Kwenye Kazi Hii?



Katika hadithi iliyopokewa na Mama wa Waumini, Bibi Aisha (Radhiyallahu anha), na kuandikwa katika Sahih Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba shukrani yake ni kumtukuza Allah na kutenda wema, hata ule wa kuondoa jiwe au mwiba njiani. Aliye mzima hupitisha siku nzima asikumbuke hata kiungo kimoja. Siku kiuno kinapokataa kuinama kwa rukuu, ndipo hujua alikuwa na neema gani.

Binti wa hapa Shanzu akimaliza kidato cha nne na kusema kwamba ataka kuwa daktari, nyumba nzima hushangilia. Lakini akisema kuwa ataka kutibu migongo na viungo kwa mikono yake, aghalabu huulizwa, "Miaka yote hiyo ya masomo, mwanangu, uje uwe mkandaji?" Kabla ya kumvunja moyo, yafaa tujiulize ni nini kilichomvuta.

Mara nyingi kilichomvuta ni maumivu aliyoyaona nyumbani. Amemuona mamake akijitwika dumu la maji la lita 20 siku bomba lilipokauka, na bibi yake akikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kisha akishindwa kunyanyuka bila kushikwa mkono. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, mtoto anayelala chumba kimoja na bibi yake husikia jinsi anavyoshika ukuta anapoamka kwa sala ya alfajiri. Wala si nyumba moja wala mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanawake ndio wengi zaidi.

Jambo la pili ni faraja aliyoiona ikitoka mikononi mwa mtu. Pwani yetu haikuanza jana kukanda. Mzazi aliye katika arubaini yake hukandwa kwa mafuta, na mkandaji aliye hodari huheshimiwa mtaa mzima. Katika historia ya Kiislamu tunaye Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewauguza majeruhi katika hema lake mjini Madina wakati wa Mtume (SAW). Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa kwake. Isitoshe, tiba ya mgongo yahitaji kufunua na kugusa mwili. Mwanamke anayevumilia maumivu kwa kuona haya mbele ya tabibu mwanamume atapata stara na nafuu kwa pamoja, lau tabibu huyo angekuwa binti yetu.

Taaluma iitwayo kairopraktiki, yaani tiba ya mikono inayoshughulikia hasa uti wa mgongo, ilianza kwa kisa cha namna hii. Mnamo Septemba 1895, katika mji wa Davenport nchini Marekani, Daniel David Palmer alimhudumia Harvey Lillard, msafishaji wa jengo alimokuwa akifanyia kazi. Lillard alikuwa na uziwi uliompata, kwa maelezo yake, alipojikaza mgongo akiwa ameinama. Palmer alibonyeza pingili ya mgongo wake, kisha akasimulia kwamba usikivu ulirudi. Kutokana na hilo alidai kuwa karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama, dai ambalo sayansi ya tiba haikulikubali. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeitaja tiba ya kunyoosha uti kwa mikono miongoni mwa njia zinazoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na elimu.

Basi huruma ndiyo mlango, lakini elimu ndiyo nyumba. Mtume (SAW) ameonya, katika hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud, kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu atabeba dhamana ya madhara. Shingo ina pingili saba, nyuma ya kifua kumi na mbili, na kiunoni tano, na ndani yake hupita mishipa ya fahamu inayoendesha mwili mzima. Kinyozi anayezungusha shingo ya mteja mpaka ilie anacheza na amana asiyoijua. Na mgonjwa ambaye miguu yake imekufa ganzi, au hawezi kuuzuia mkojo, au ana homa, au ameanguka vibaya, asikandwe hata kidogo. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Njia ya kusoma ipo. Hapa Kenya, chuo cha KMTC hufundisha fiziotherapia kwa stashahada ya miaka mitatu, na sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili wataalamu wake. Anayetaka kairopraktiki yenyewe atapata shahada Afrika Kusini, katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, ingawa gharama yake si ndogo. Kwa walio wengi, fiziotherapia ndiyo njia iliyo karibu.

Enyi wazazi, binti akikujieni na azma hii, msimcheke. Muulizeni kama analipenda somo la bayolojia, kama ana subira ya kumsikiliza mgonjwa anayerudia jambo moja mara tatu, na kama yu tayari kusema "sijui, nenda kwa daktari" pale elimu yake inapokoma. Akijibu vyema, mpeni radhi zenu na karo mnayoiweza. Kila mgongo utakaonyooka na kurudi kwenye rukuu kwa sababu ya mikono yake, twataraji kwa Mola kuwa ni sadaka yake, na nyinyi mliomsomesha mna fungu lenu.

Wallahu aalam.