Mnara ukiwa mbali, simu ndiyo inayokazana

MIZANI YA KANDA YA ZIWA
Na Nkwabi Lugembe

Mei 13, 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Kwa mikoa kama Geita na Shinyanga, ambako bado kuna vitongoji mtu analazimika kupanda kichuguu ili asikike, hiyo ilikuwa habari njema. Hata hivyo, msingi wa mnara ukianza kuchimbwa, hasa jirani na shule au zahanati, minong'ono nayo huanza: mionzi, saratani, mimba kuharibika. Siwacheki wanaonong'ona. Huu ni ukanda ambao zebaki imepita mikononi mwa watu kama sabuni kwa miaka mingi, na mwananchi ana haki ya kuuliza kila kinacholetwa karibu na nyumba yake kina madhara gani. Ninachosema ni kwamba hofu hii imeelekezwa pasipostahili. Tukipima mawimbi ya redio yanayofika kwenye kichwa cha mtumiaji wa simu, mnara wa jirani ni chanzo kidogo. Chanzo kikubwa ni simu yake mwenyewe ikiwa sikioni, na simu hiyo hutoa nguvu nyingi zaidi pale mnara unapokuwa mbali.

Simu ni kipokezi na kirushi kwa pamoja. Unapozungumza, inarusha sauti yako hadi mnarani, na mnara kila mara unaielekeza iongeze au ipunguze nguvu kulingana na ubora wa mawimbi yanayoufikia. Kiswaswadu cha kawaida kinachotumia mtandao wa zamani wa megahezi 900 kinaweza kufika wati 2 kinaporusha, au kushuka hadi sehemu 3 kati ya 1,000 za wati moja. Kati ya kiwango cha juu na cha chini kuna tofauti ya zaidi ya mara 600, kwa simu ileile na mazungumzo yaleyale. Watafiti nchini Sweden walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2004: vijijini, ambako minara ilikuwa imeachana mbali, simu zilitumia nguvu ya juu kabisa karibu nusu ya muda wa maongezi, mjini ilikuwa karibu robo. Kama hali ni hiyo Sweden, mchimbaji wa Nyarugusu au mkulima wa pamba wa Kishapu anayezungumza na mstari mmoja wa mtandao anabeba mawimbi mengi kichwani kuliko mwenye duka la Katoro aliyejenga hatua chache kutoka mnarani. Simu isiyopata mtandao kabisa, kama ile iliyoteremka na mwenyewe chini ya duara, yaani shimo la dhahabu, husikiliza tu muda mwingi na kurusha mara chache. Inayokazana ni ile inayosikika kwa taabu, na ndiyo maana humaliza chaji haraka na kupata joto.

Turudi kwenye mnara, tupige hesabu. Tuchukue antena inayorusha wati 100 na kuzielekeza upande mmoja kiasi kwamba aliye mbele yake anaona kama wati 5,000. Mtu akisimama umbali wa mita 200, katikati kabisa ya mwelekeo huo, atafikiwa na takriban wati 0.01 kwa kila mita ya mraba. Kikomo kwa wananchi katika masafa ya megahezi 900, kwa mujibu wa miongozo ya tume ya kimataifa inayojulikana kama ICNIRP, ni wati 4.5. Yaani anapata sehemu moja kati ya 450 ya kikomo. Aliye chini ya mnara mara nyingi hupata hata pungufu ya hapo, kwa sababu antena huelekezwa mbele, si miguuni pake. Kwa simu iliyo sikioni, kikomo ni wati 2 kwa kilo ya tishu za kichwa, na simu nyingi zikipimwa maabara kwa nguvu ya juu husoma kati ya nusu wati na wati moja na nusu. Hizo bado ziko ndani ya kikomo, na kikomo chenyewe kimewekwa mara 10 chini ya kiwango ambacho joto linaweza kuanza kudhuru tishu. Ila ukilinganisha robo ya kikomo, au zaidi, na sehemu moja kati ya 450, utaona ni kipi kilistahili kuulizwa maswali kwanza.

Sasa, je, hayo mawimbi yanaleta saratani? Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama ilivyo kwa eksirei au madini ya urani. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba hupasha joto kidogo. Pamoja na hayo, Mei 31, 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Hapa ndipo wapinga minara husimamia, na hawajazua. Sababu kubwa ilikuwa utafiti wa nchi 13 uitwao Interphone, uliotoka mwaka 2010. Ndani yake, waliotumia simu muda mrefu kuliko wote, saa 1,640 au zaidi, walionekana kuwa na uwezekano wa asilimia 40 zaidi wa kupata aina moja ya uvimbe wa ubongo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha watumiaji wa kawaida wakiwa na uvimbe kidogo kuliko wasiotumia simu kabisa, jambo ambalo hakuna anayeamini kuwa ni kinga. Watu waliulizwa kukumbuka walivyotumia simu miaka kumi nyuma, na mgonjwa wa ubongo hukumbuka tofauti na mtu mzima wa afya. Tangu hapo zimekuja tafiti kubwa zaidi. Utafiti wa COSMOS, uliofuatilia watu zaidi ya 264,000 katika nchi tano za Ulaya na kutoa matokeo mwaka 2024, haukuona ongezeko. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyochapishwa mwaka huohuo na kukusanya tafiti 63, nayo hayakuona. Kwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 24, utafiti wa nchi 14 uitwao MOBI-Kids haukupata uhusiano.

Atatokea wa kuniambia kwamba hata tumbaku ilitetewa na wataalamu. Hoja nzito, na katika mkoa wenye Kahama na Ushetu, ambako tumbaku ndiyo ada ya shule, inafaa kujibiwa vizuri. Tofauti iko kwenye hospitali. Kabla Richard Doll na Austin Bradford Hill hawajachapisha utafiti wao wa sigara huko Uingereza mwaka 1950, saratani ya mapafu ilikuwa tayari imepanda kwa kasi hadi madaktari wakashtuka. Kilichofanywa na kampuni za sigara ni kukana kilichokuwa kinaonekana wodini. Simu zimeenea tangu miaka ya 1990, zikapita kila kiwango cha kuenea kwa sigara, na katika nchi za Skandinavia, zinazosajili kila mgonjwa wa saratani kwa miongo mingi, uvimbe wa ubongo haukupanda kufuata simu. Nakubali kwamba tafiti kadhaa zilipokea fedha za kampuni za simu, na nakubali kwamba mwaka 2019 washauri wa IARC walipendekeza suala hili lipitiwe upya. Lipitiwe. Anayesubiri majibu hayo hana sababu ya kukataa mnara, kwa sababu akiukataa anaongeza kilekile anachokiogopa.

Tukumbuke pia kwamba makundi ya IARC hupima uthabiti wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kwenye kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitika, kuna vumbi la mawe yenye silika na moshi wa injini za dizeli. Ni mchimbaji gani wa Mgusu au Mwakitolyo asiyevijua hivyo viwili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu migodi midogo ya dhahabu nchini mwetu ulipima hewa ya wanaotoboa mwamba chini ya ardhi ukakuta wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa kila mita ya ujazo, mara 337 ya kiwango kinachopendekezwa. Vumbi hilo hufungua mlango wa kifua kikuu. Na zebaki inayochomwa ili ibaki dhahabu huharibu mfumo wa fahamu, hata kama haionekani kabisa kwenye kundi hilo la kwanza. Kijiji kinachoitisha mkutano juu ya mnara huku karasha zikitimua vumbi mchana kutwa kando ya shule kimepanga ajenda zake vibaya, ingawa naelewa kwa nini: mnara umeletwa na mgeni, karasha ni la jirani.

Kuna mahali pamoja ambapo mawimbi ya redio yanaweza kuua papo hapo katika ukanda huu, na hapo sisikii minong'ono. Kiwashio cha umeme cha baruti ni kibomba kidogo cha metali chenye uzi mwembamba ndani na nyaya mbili ndefu nje. Umeme ukipita, uzi hupata moto na kibomba hulipuka. Nyaya zile zikitandazwa chini hugeuka antena bila kukusudiwa. Kirushi chenye nguvu kikiwa karibu, zinaweza kuvuna umeme wa kutosha kukiwasha kabla ya wakati. Redio za mkononi za walinzi, zenye wati 4 au 5, na za kwenye magari, zenye wati nyingi zaidi, ni za kuogopwa kuliko simu, lakini simu iliyo mfukoni mwa anayeunganisha nyaya iko umbali wa sentimita chache tu. Ndiyo maana migodi mikubwa huzuia simu na redio eneo la ulipuaji, na ndiyo moja ya sababu viwashio visivyotumia umeme vimeenea duniani. Radi ni hatari zaidi kwa nyaya hizo, na Kanda ya Ziwa haina uhaba wa radi. Tume ya Madini, inayotoa vibali vya baruti, ingefanya jambo la maana kuhakikisha kila mwenye leseni ndogo amebandika katazo la simu na redio mdomoni mwa duara, kwa Kiswahili na kwa michoro.

Kwa matumizi ya kila siku, mambo si magumu. Mstari wa mtandao ukiwa mmoja, tuma ujumbe mfupi au fupisha maneno. Maongezi marefu, weka spika au waya wa masikioni. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka kichwani, kinachofika ni kidogo mno. Anayetaka tahadhari kwa mtoto afanye hivyohivyo. Kwa dereva wa bodaboda anayeshikilia simu kwa bega kwenye barabara ya Geita hadi Katoro, saratani siyo itakayomuwahi.

Mnara nao una masharti yake. Mita chache mbele ya antena kikomo huweza kuvukwa, hivyo uzio na kufuli si mapambo, na fundi hapaswi kupanda mitambo ikiwa imewashwa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) ina vifaa vya kupima mawimbi haya na ofisi Mwanza. Kijiji chenye wasiwasi kina haki ya kuandika barua kupitia mtendaji wake na kuomba kipimo kifanyike baada ya mnara kuwashwa, kisha namba zisomwe mkutanoni pamoja na kikomo chake, ili mjumbe aliyekuwa na shaka aulize mbele ya wenzake na ajibiwe na mwenye kifaa mkononi.